ACCS: Timu ya vitongoji vya Paris iliyofika nne bora Ulaya huku nyumbani imeshushwa daraja

Mwishoni mwa Aprili 2022, Arena Riga, katika mji mkuu wa Latvia, ilizipokea timu nne zilizosalia kwenye Ligi ya Mabingwa ya futsal, yaani soka la ukumbini, barani Ulaya. Tatu zilikuwa vigogo wasiohitaji utambulisho: Barcelona, Benfica na Sporting ya Lisbon. Mpaka siku hiyo walikuwa wameshaweka kibindoni makombe sita ya Ulaya kwa jumla yao. Timu ya nne ilikuwa ACCS, kutoka vitongoji vya kaskazini mwa Paris. Kombe la Ulaya haikuwa nalo, wala klabu kubwa ya soka ya kuibeba mgongoni. Kwao Ufaransa, kwa uamuzi wa ofisini, ilikuwa imeshushwa daraja.

Tangu soka la ukumbini lianze kuchezwa rasmi nchini Ufaransa, sijaona kisa kingine kinachonigusa kama hiki.

Ufaransa ilichelewa sana katika mchezo huu. Wakati Wahispania wana ligi yao ya kitaifa tangu 1989, Wafaransa walianza ligi ya kitaifa chini ya shirikisho lao mwaka 2007 tu. Klabu ya kwanza kutawala kwa muda mrefu ilikuwa Sporting Club de Paris, yenye mizizi katika jamii ya wahamiaji wa Kireno, iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2011 hadi 2014. Nyumbani hakuna aliyeisogelea. Ikivuka mpaka, mambo yalikuwa mengine: mabingwa wa Ufaransa walikuwa wakirudi mapema, na hatua ya nne bora walibaki kuitazama wakiwa kwao.

ACCS ilikulia Asnières na Villeneuve-la-Garenne, miji miwili iliyo kando ya mto Seine. Kwa muda mrefu iliitwa Asnières Villeneuve 92, na hiyo 92 ni namba ya mkoa wao, Hauts-de-Seine, ambayo vijana wa huko huitaja kwa fahari kama jina la ukoo. Maeneo hayo yana maghorofa marefu na viwanja vidogo vya sakafu ngumu, na kijana anayejifunzia mpira hapo huzoea mapema kucheza akiwa amebanwa.

Mwaka 2020 klabu hiyo ikafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: ikamsajili Ricardinho, Mreno aliyechaguliwa mara sita kuwa mchezaji bora wa futsal duniani. Alikuwa ametwaa Ulaya na Benfica mwaka 2010, kisha na Inter ya Hispania mwaka 2017 na 2018.

Asiyewahi kumtazama amtazame miguu. Mpira wa futsal ni mdogo kuliko ule wa soka na haudundi sana. Uwanja una urefu wa mita 40 na upana wa 20. Ricardinho anaukanyaga mpira kwa unyayo wa mguu wa kushoto na kusimama kabisa. Beki naye anasimama. Kisha unyayo unauvuta mpira nyuma kidogo, kiasi cha kumfanya beki aamini kwamba sasa anaweza kuupata. Akinyoosha mguu tu, mpira umeshapita upande wa pili. Kwa vijana wa Villeneuve, kuwa na mtu wa aina hiyo kwenye mazoezi ya kila siku kulikuwa na thamani kuliko kombe.

Ubingwa wa Ufaransa wa 2021 ukawa wao. Kiangazi hichohicho, chombo kinachokagua fedha za klabu nchini humo kikaishusha daraja kwa sababu ya hesabu zake. Lakini tiketi ya Ulaya ilikuwa imeshapatikana uwanjani, na UEFA ikawaacha wacheze. Oktoba 3, mjini Kaunas, Lithuania, Ricardinho akiwa nahodha aliiongoza Ureno kuifunga Argentina 2-1 na kutwaa Kombe la Dunia, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Nahodha wa mabingwa wa dunia alikuwa mchezaji wa klabu iliyoshushwa daraja.

ACCS wakapita raundi baada ya raundi za Ligi ya Mabingwa mpaka Riga. Huko nusu fainali ikawakutanisha na Sporting, waliokuwa mabingwa watetezi, na safari ikaishia hapo. Benfica wakachukua nafasi ya tatu. Fainali ya Mei 1 ilikwenda kwa Barcelona, walioifunga Sporting 4-0.

Wako watakaosema klabu iliyoshindwa kulinda hesabu zake haistahili kusifiwa. Nawaelewa. Kuendesha klabu ni pamoja na kujua fedha inaingiaje na inatokaje, na waliochukua uamuzi wa kuishusha walikuwa wakifanya kazi yao. Lakini makosa ya ofisini wasibebeshwe waliovaa jezi. Wao walicheza, wakashinda, wakafika mahali ambapo mabingwa wote wa Ufaransa waliowatangulia hawakufika.

Miaka miwili baadaye, nchini Uzbekistan, timu ya taifa ya Ufaransa ilicheza Kombe la Dunia la futsal kwa mara ya kwanza na kumaliza ya nne. Lakini Mfaransa atakayeuliza ni klabu gani ya kwao iliyotangulia kufika nne bora ya Ulaya, jibu ni ACCS, mwaka 2022, Riga.