Kompyuta mpakato: msamiati wa sifa zake kwa mwanafunzi anayenunua

kompyuta mpakato nm [i-/zi-] Kompyuta ndogo inayokunjwa, yenye betri yake, ambayo mtumiaji anaweza kuiweka mapajani. Pia: kipakatalishi [ki-/vi-], kompyuta ya mapajani. Mazungumzoni: laptopu.

Mpakato na kipakatalishi yote yametokana na kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani au mikononi. La pili limeunganishwa na tarakilishi, neno linalopendwa zaidi katika shule za Kenya kuliko Tanzania, ambako kompyuta ndilo lililozoeleka. Mwalimu na akubali yote katika insha. Dukani mambo ni mengine: anayeuliza kipakatalishi huenda akatazamwa kwa mshangao, na pengine bei ikapanda.

Makala haya yanahusu maneno yanayotumiwa kueleza sifa za chombo hicho. Neno sifa lenyewe lina maana mbili, hali ya kitu na maneno ya kukitukuza, na matangazo ya biashara hupenda kuzichanganya. Tuchukue mfano wa tangazo la namna inayoonekana kila msimu wa kufungua vyuo: “Laptopu kali, i7, memori 128, chaji masaa nane, bei ya mwanafunzi.” Mzazi aliyeuza mazao ili mwanawe asome shahada ya miaka minne anaweza kulipa fedha zote kwa kutegemea sentensi hiyo. Karibu kila neno ndani yake linahitaji kufafanuliwa.

Kubwa kuliko yote ni memori. Kamusi hulifasiri kuwa kumbukumbu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Katika Kiswahili cha kawaida, kumbukumbu ni kitu kinachobaki: kumbukumbu za mkutano huhifadhiwa ili zisomwe baadaye. Sehemu ya kompyuta inayoitwa RAM ni kinyume chake. Hushika kazi inayoendelea tu, na umeme ukikatika hubaki tupu. Mahali pa kudumu, panapokaa picha, vitabu na tasnifu, ni hifadhi. Kwa hiyo tunapendekeza mfasiri aandike kumbukumbu ya kazi kwa RAM, na hifadhi kwa diski, wala asitumie kumbukumbu peke yake pale ambapo fedha za mtu zinahusika. Katika tangazo letu, 128 bila shaka ni hifadhi. Kumbukumbu ya kazi haikutajwa, na huenda ni gigabaiti 4, kiasi kinachoelemewa mara tu mtumiaji anapofungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na hati ndefu. Kwa matumizi ya miaka minne au zaidi, gigabaiti 8 ni kiwango cha chini kinachovumilika, na 16 ni salama zaidi.

Swali linalofuata ni iwapo kumbukumbu hiyo inaongezeka. Kauli ya kutendeka ni ya thamani hapa, kwa kuwa inaongezeka na imeongezwa hazimaanishi kitu kimoja: ya kwanza inaeleza uwezekano wa baadaye, ya pili jambo lililokwisha kutendeka. Katika kompyuta nyingi nyembamba, kumbukumbu ya kazi imetiwa lehemu kwenye bao kuu la saketi, na fundi wa kawaida hawezi kuibadilisha. Ununue basi kiasi utakachokihitaji mwaka wa mwisho wa masomo, si kile kinachokutosha leo.

Hifadhi nayo ina aina. HDD ni diski yenye sahani zinazozunguka. SSD hutumia chipu na haina sehemu inayosogea, hivyo ni ya kasi zaidi na hustahimili mtikisiko wa daladala au matatu. Gigabaiti 256 za SSD zinamfaa mwanafunzi kuliko 500 za diski ya zamani. Anayenunua SSD ya gigabaiti 512 asishtuke kuona Windows ikimwonyesha 476 hivi. Hajaibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1024.

i7 ni jina la daraja la kichakataji (prosesa, katika lugha ya wauzaji), lakini daraja bila kizazi halina maana. Kwa vichakataji vingi vya Intel vya familia hiyo, kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari: i7-7500U ni cha kizazi cha 7, i5-8250U ni cha kizazi cha 8, na i5-10210U ni cha kizazi cha 10. Hapa i5-8250U, yenye viini vinne, ni chaguo bora kuliko i7-7500U yenye viwili. Tofauti hii ina uzito zaidi kwa anayenunua kompyuta iliyotumika, kwa sababu orodha rasmi ya Windows 11 kwa jumla huanzia kizazi cha 8 cha Intel, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa upande wa sarufi, kiunganishi cha ni lazima: kizazi cha 8 ni cha nane kwa mpangilio, vizazi 8 ni idadi.

Wanasarufi hukataa masaa, wakisema saa haibadiliki katika wingi. Ni kweli, lakini wasemaji wana sababu yao: chaji hadi saa nane yaweza kueleweka kuwa betri itazima alasiri. Katika maandishi rasmi, muda wa saa 8 huondoa utata bila kuvunja kanuni. Kuhusu betri yenyewe, tazama wati-saa zilizoandikwa juu yake. Betri ya wati-saa 50 katika kompyuta inayotumia wati 10 hukaa kwa muda wa saa 5 hivi, nayo hupungua uwezo kadiri inavyochajiwa mwaka hadi mwaka. Ile ya kompyuta iliyotumika ijaribiwe mbele ya mnunuzi, waya ukiwa umechomolewa.

Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha kwa kusoma na kuandika. Kibodi ni ya kujaribiwa kwa vidole, si kwa maneno.

Tangazo letu, likiandikwa upya kwa lugha isiyoficha kitu, lingesomeka hivi: “Kompyuta mpakato iliyotumika, kichakataji i5-8250U, kumbukumbu ya kazi gigabaiti 8, inaongezeka, hifadhi ya SSD gigabaiti 256, betri imejaribiwa, hukaa kwa muda wa saa 4.” Mnunuzi aombe maelezo kama hayo yaandikwe kwenye risiti, pamoja na muda wa dhamana, kabla ya kutoa fedha.