Mkono Uliogoma: Historia ya Mitambo ya Kunyoosha Shingo na Mabega



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye shughuli ya mdogo wetu. Bibi harusi ameshasingwa, hina imeshakauka, nguo zimeshafukizwa udi. Kilichobaki ni somo wake kumtandia mtandio kichwani. Somo mwenyewe ni mama wa makamo, hodari, kashawatoa mabibi harusi wengi hapa mtaani. Akainua mkono wa kulia. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Akajaribu tena, uso ukamkunjamana. Kisha akacheka, akasema mkono umechoka, akamwita mwingine amalizie.

Baadaye, tulipokuwa naye jikoni, akatuambia ukweli. Miezi saba hajaweza kuchana nywele zake mwenyewe. Kukuna nazi kumemshinda, na usiku akigeukia upande ule hushtuka kwa maumivu. Halafu akasema neno lililotuumiza zaidi: kila akisimama kusali, mkono ukikataa kupanda kwa takbira, hujiuliza kama sala yake imetimia.

La sala tulimjibu pale pale, na yeyote mwenye wasiwasi kama wake alisikie: kuinua mikono wakati wa takbira ni sunna, si nguzo. Asiyeweza huinua kiasi anachoweza, na sala yake ni sahihi. La bega ndilo lililotufanya turudi nyumbani tukasome. Tulidhani tutakuta dawa tu. Tukakuta historia ndefu ya ngazi, bembea, mitambo ya mvuke na kamba, na ndani yake wamo wanawake ambao hatukuwahi kusikia majina yao.

Ngazi, vitabu na mikono ya waganga

Bega ndilo kiungo cha mwili wetu kinachozunguka kuliko vyote. Kwa sababu hiyo ndilo huteguka kwa urahisi, na watu wamehangaika nalo tangu zamani. Katika maandiko ya kitabibu ya Wayunani yanayonasibishwa na Hippocrates, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mna maelezo ya kurudisha bega lililoteguka kwa kutumia ngazi. Mgonjwa huwekwa kwapa juu ya kipago, mkono ukavutwa chini upande mmoja na uzito wa mwili ukavuta upande wa pili. Ni tiba ya nguvu, lakini wazo lake ni la akili: mwili wenyewe ndio uzani.

Maarifa hayo yalitafsiriwa kwa Kiarabu, na wanavyuoni wa Kiislamu wakayaendeleza. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna michoro ya vyombo pamoja na mlango mzima wa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Ibn Sina, aliyeishi kutoka mwaka 980 hadi 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliyaweka mazoezi na ukandaji ndani ya utunzaji wa afya, sawa na chakula na usingizi. Hakuwasahau wanyonge. Kwa asiyeweza kukimbia wala kupanda farasi, alitaja mazoezi ya taratibu kama kubembea na kupanda chombo majini.

Tulipofika hapo tulitabasamu. Bembea za sikukuu tunazozijua sisi, kumbe zilikuwa zimeandikwa kwenye kitabu cha hakimu miaka elfu moja iliyopita.

Mtoto aliyening'inizwa

Mwaka 1650 daktari Mwingereza, Francis Glisson, alitoa kitabu juu ya ugonjwa wa mifupa laini ya watoto, ule uletao matege. Humo alieleza kifaa cha kunyoosha mwili. Mtoto alifungwa kwa mikanda iliyopita kifuani na chini ya makwapa, mingine ikazunguka kichwa na kupita chini ya kidevu, na mikono ikashika vipini viwili. Kisha akaning'inizwa hewani na kusukumwa huku na huku, tiba ikawa kama mchezo. Mkanda wa kichwa na kidevu ukabaki na jina la Glisson kwa karne nyingi. Vifaa vya kuvuta shingo ambavyo baadhi yetu tumeviona hospitali, vyenye mkanda wa kidevu, kamba na uzani, ni wajukuu wa bembea lile.

Mitambo ya Stockholm

Mapinduzi makubwa yalitoka Uswidi. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm. Katika utaratibu wake, mwalimu alimshika mgonjwa mkono na kumpa ukinzani: wewe unasukuma, yeye anazuia. Ni kazi nzuri, ila kila mgonjwa anahitaji mtu wake, na nguvu ya mtu haipimiki. Leo anazuia sana, kesho kachoka.

Gustav Zander, daktari aliyezaliwa mwaka 1835, alijiuliza: kwa nini kazi hiyo isifanywe na mtambo? Mwaka 1865 alifungua taasisi yake Stockholm ikiwa na mitambo 27. Ilikuwa na nyenzo zenye uzani unaosogezwa. Uzani ukisogezwa mbele kidogo, kazi inazidi. Ukirudishwa nyuma, inapungua. Kwa njia hiyo, bega dhaifu liliweza kupewa mzigo mdogo unaopimika na kuongezewa siku hadi siku. Palikuwa na mitambo ya kuinua mikono, ya kuizungusha na ya kufungua kifua, na mingine iliyoendeshwa kwa mvuke ili kukanda na kutikisa mwili. Mwaka 1876 Zander aliipeleka mitambo hiyo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, na baadaye ikaenea katika miji mingi ya Ulaya na Amerika.

Picha za zama hizo zinapendeza kutazama. Wanaume wamevaa suti kamili, wanawake wana magauni marefu hadi kwenye vifundo vya miguu, wote wamekaa kwenye mitambo ya chuma na mbao kwa utulivu kama wako ofisini. Hata meli ya Titanic, mwaka 1912, ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye vyombo vya aina hiyo, pamoja na ngamia wa umeme. Wanawake walikuwa na saa zao asubuhi na wanaume saa zao alasiri. Kwa hiyo dada anayeomba saa za wanawake peke yao ukumbini asiambiwe kwamba analeta jambo geni.

Lakini mitambo ya Zander ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilikuwa mizito, ghali, na ilikaa mjini kwa wenye uwezo. Mama wa kijijini mwenye bega bovu haikumfikia.

Wauguzi wanne na heshima ya kazi yao

Sehemu hii ndiyo iliyotugusa kuliko zote. Mwaka 1894, mjini London, biashara ya kukanda mwili ilikuwa imeingia sifa mbaya. Baadhi ya nyumba zilizojiita za ukandaji zilikuwa zikifanya mambo mengine, na magazeti ya madaktari yakapiga kelele. Wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga, Rosalind Paget, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakukubali kazi yao ya halali ichafuliwe. Wakaunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Wakaweka mitihani, na wakaweka masharti: hakuna kumkanda mgonjwa bila maelekezo ya daktari, na hakuna ukandaji wa jumla kwa wanaume.

Kwa lugha yetu, waliiwekea kazi yao stara. Na stara ile haikuwafungia mlango, bali iliufungua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta maelfu ya majeruhi wenye mabega na mikono iliyokakamaa, wanawake waliofunzwa walikuwa tayari, na waliitwa kuwahudumia. Mwaka 1920 chama chao kilipata hati ya kifalme. Kutoka kwao ndiko kulikotoka taaluma ya tiba ya viungo ya Uingereza tunayoijua leo.

Mkono kama ndoo kisimani

Mwaka 1934 daktari wa Boston, Ernest Codman, alitoa kitabu kizima kuhusu bega peke yake. Ndiye aliyeupa jina la bega lililoganda ugonjwa ambao, kwa maelezo yake, unafanana kabisa na wa somo wetu. Ngozi laini inayozunguka kiungo hukaza na kusinyaa. Kwanza huja maumivu, kisha ukavu, kisha taratibu hulegea. Safari yote huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa wa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Jina la Codman limebaki pia kwenye zoezi lisilohitaji mtambo wowote. Unainama, mkono mzima umeegemea meza, mkono mgonjwa unaachwa uning'inie wenyewe kama ndoo ndani ya kisima. Kisha unayumbisha kiwiliwili pole pole, na mkono unafuata: mbele na nyuma, kisha duara dogo. Uzito wa mkono wenyewe ndio unaofungua kiungo. Yaani baada ya chuma chote cha Stockholm, tukarudi kwenye wazo la ngazi ya Wayunani kwamba mwili ndio uzani, safari hii bila kumvuta mtu kwa nguvu.

Kamba za Bibi Guthrie Smith

Mwanamke mwingine wa kukumbukwa ni Olive Guthrie Smith, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza. Aliona kwamba mgonjwa dhaifu hushindwa kufanya zoezi kwa sababu nguvu zote zinaishia kubeba uzito wa mkono wake. Akabuni fremu ya chuma juu ya kitanda, iliyoning'inizwa vitambaa vya kubebea viungo kwa kamba na springi. Mkono ukiwekwa kwenye kitambaa, unaelea. Msuli mdogo uliobaki na uhai unaweza kuusogeza bila kupambana na uzito. Mwaka 1943, katikati ya vita vingine, alitoa kitabu juu ya mazoezi ya kurudisha viungo.

Kutoka kwenye mawazo kama hayo tumepata vifaa vya leo, vidogo na rahisi. Kuna kamba inayopita kwenye kapi juu ya mlango, ambapo mkono mzima huvuta na mgonjwa hupanda. Mtu wa pwani aliyeona tanga likipandishwa halihitaji maelezo. Kuna mikanda ya mpira ya kuvuta. Kuna mpira mkubwa wa kukalia, uliotengenezwa na Mwitalia Aquilino Cosani katika miaka ya 1960 na kuchukuliwa na wataalamu wa Uswisi.

Shingo nayo imepita njia hiyo hiyo. Kwa muda mrefu aliyeumia shingo katika ajali ya gari alivalishwa kola na kuambiwa asijitikise. Kuanzia miaka ya 1980 utafiti ulionyesha kwamba wengi wao, ikiwa hakuna mfupa uliovunjika, hupona vizuri wakianza kuitembeza shingo mapema na kwa upole. Mwaka 1983 Robin McKenzie wa New Zealand alitoa kitabu cha kumfundisha mgonjwa ajitibu shingo mwenyewe. Zoezi lake maarufu ni kurudisha kidevu nyuma, kama mtu anayekwepa harufu mbaya, bila kuinamisha kichwa.

Tunachowaambia mabibi harusi na masomo wao

Historia hii yote inatuonyesha jambo moja. Kila zama walianza na nguvu wakaishia kwenye upole unaorudiwa kila siku. Basi tunaposikia kwamba shingo ya bibi harusi imekaza kwa kukaa saa nyingi akipakwa hina, na mtu anataka kuigeuza ghafla hadi ilie, tunasema hapana. Shingo haivunjwi. Mkande mabega kwa mafuta, mwekee mto mgongoni, na kila nusu saa mpe nafasi ageuze kichwa pole pole, kulia na kushoto, kama anavyotoa salamu mwisho wa sala. Na mpaka hina, anayeinama kuliko wote, naye apumzike.

Mkono ukifa ganzi, ukipoteza nguvu, au maumivu ya bega yakija pamoja na kubanwa kifua, hapo hakuna zoezi wala mafuta. Ni hospitali mara moja. Na bega likigoma kwa wiki kadhaa, usilifiche. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwili una haki yake juu yetu, na kuvumilia ugonjwa hakuzuii kuutafutia dawa.

Somo wetu alikwenda kupima, akakutwa na sukari ambayo hakuijua. Sasa anatumia dawa, anaonana na mtaalamu wa viungo, mwanamke mwenzake, na kila asubuhi baada ya alfajiri huinama mezani na kuuning'iniza mkono wake. Bado hajapona. Lakini juzi alitupigia simu, sauti ina kicheko, kutuambia kwamba vidole vimefika sikioni. Harusi nyingine iko baada ya Idi, na mtandio, amesema, atautandika yeye, inshaallah.