Kilichoungua juu ya bahari yetu mwaka 1964

Tarehe 21 Aprili 1964, siku tano kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Jeshi la Majini la Marekani lilirusha setilaiti ya kuongozea meli kutoka Vandenberg, California. Setilaiti hiyo, Transit 5BN-3, ilishindwa kufika kwenye njia yake ya kuizunguka dunia. Ilirudi na kuungua angani juu ya Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Madagaska. Ilikuwa na betri ya nyuklia iliyoitwa SNAP-9A, na ndani ya betri hiyo mlikuwa na takriban kilo moja ya plutoniamu-238. Yote iligeuka vumbi.

Vumbi hilo lilibaki juu sana. Miezi michache baadaye, maputo ya utafiti yalilinasa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 30. Likashuka polepole, mwaka baada ya mwaka. Kufikia 1970 Wamarekani walikuwa wakikusanya udongo katika zaidi ya maeneo 60 duniani, na hesabu yao ikaonyesha kwamba karibu robo tatu ya vumbi lile liliangukia nusu ya kusini ya dunia. Huko ndiko tuliko.

Hapa nyumbani nani angepima? Chuo Kikuu, kule Dar es Salaam, ndiyo kwanza kilikuwa kinahama Mtaa wa Lumumba kwenda Mlimani, juu ya Mwenge, mwaka uleule wa 1964. Sheria ya kinga ya mionzi tuliipata 1983, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania inatokana na sheria ya 2003. Kilichotuangukia kiliandikwa kwenye madaftari ya wengine.

Na betri ile haikuwa peke yake. Kati ya 1945 na 1980 mataifa makubwa yalilipua mabomu zaidi ya 500 hewani, na plutoniamu-239 na 240 zikaenea dunia nzima. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo. Hilo linaniuma kila nikilifikiria: tulitoa madini, tukarudishiwa majivu.

Kiasi kilichomo udongoni ni kidogo mno, wala mwenye bustani hana sababu ya kuogopa jembe lake. Ugumu umekuwa kwenye kukipima. Kwa njia ya zamani, mtaalamu husubiri atomu ivunjike na kutoa mnururisho wa alfa. Lakini plutoniamu-239 huchukua miaka 24,110 kupungua hadi nusu, kwa hiyo ukiwa na atomu milioni moja, zitakazovunjika kwa mwaka mzima hazifiki 30. Ni sawa na kuhesabu wapangaji wa nyumba ya Mwenge kwa kukaa nje kusubiri anayehama.

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani na Kanada walionyesha njia nyingine kwa kaboni-14: kuzihesabu atomu zenyewe kwa mashine ya kuongeza kasi ya chembe. Mwaka 1996 kundi la Keith Fifield kule Canberra, Australia, lilitangaza kipimo cha plutoniamu kwa njia hiyo. Udongo huchomwa, huyeyushwa kwa asidi, na plutoniamu hutenganishwa kikemia. Kwa kuwa inayopatikana haionekani kwa macho, huchanganywa na oksidi ya chuma na kushindiliwa kwenye kishimo kidogo. Ioni za sesiamu huipiga na kuitoa ikiwa na chaji hasi. Umeme wa volti laki kadhaa hadi milioni kadhaa huivuta kwa kasi, na katikati ya safari hupita kwenye gesi nyembamba inayoinyang'anya elektroni. Molekuli zilizojificha kwa uzito unaofanana huvunjika hapo. Sumaku huchuja kilichobaki, na kihesabio huhesabu atomu mojamoja.

Mashine hiyo ina upofu wake. Plutoniamu-238, ile ya setilaiti, ina uzito sawa na urani-238 iliyojaa kila udongo, hivyo kwake bado tunategemea kipimo cha alfa. Nacho kipimo cha alfa hakiwezi kuitenga 239 na 240. Anayetaka kuzijua 238, 239 na 240 kila moja peke yake anahitaji vipimo vyote viwili.

Faida ya kuipima plutoniamu si ya kumbukumbu tu: hushikamana na udongo, na udongo ukihama huhama nao. Mwaka 2021 watafiti waliopima plutoniamu ya mabomu kwenye udongo wa Uganda na mashariki mwa Kongo, kwa aina nyingine ya mashine ya kupimia uzito wa atomu, waligundua kwamba msituni udongo ulikuwa umetulia. Mashambani, mmomonyoko na mrundikano ulizidi sentimita 40 kwa miaka 55.

Kipimo cha namna hiyo kinataka ardhi isiyochimbuliwa ya kulinganishia. Mwenge imeshageuzwa yote kwa misingi ya nyumba na barabara. Karibu na jiji tumebakiwa na misitu kama Pande na Pugu, na kule Namtumbo urani ya Mto Mkuju inasubiri kuchimbwa kwa wingi. Wenzetu wa Johannesburg, kwenye maabara ya iThemba, wana mashine ya kwanza barani Afrika ya kuhesabu atomu kwa kuongeza kasi ya chembe. Basi Mlimani na Tume ya Nguvu za Atomu wachukue udongo wa misitu hiyo na wa Namtumbo sasa, kabla ya katapila kufika, wauandike tarehe na mahali, na wauhifadhi hapa nchini.