Kipande Hakikuwafikia Akina Moraa

Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alipata mtoto wa kiume mwaka 1932. Mtoto huyo ndiye Simeon Nyachae, aliyekuja kuwa waziri na kuwania urais wa Kenya mwaka 2002. Mwana wa Nyachae anaitwa Charles Nyachae, yule aliyeongoza tume ya kusimamia utekelezaji wa katiba ya 2010. Yaangalie majina hayo yanavyofuatana: Nyandusi, Nyachae, Nyachae. Baba na mwana, kila mmoja na lake. Alipofika mjukuu, jina la baba likawa limeganda mwishoni. Nilipokuwa nafundisha Nyamira niliwaandikia watoto majina hayo ubaoni, maana habari yote ya majina ya wanaume wa Gusii katika karne iliyopita imo humo.

Ya wanawake ilikwenda njia nyingine, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Wakikuyu humrithisha mtoto jina la babu aliye hai, anayeota jua uani. Kwa wazee wetu, kumpa kichanga jina la nyanya aliye hai kulikuwa ni kumharakishia kaburi. Yako pia majina ya tukio, kama Wajaluo jirani zetu wanavyomwita aliyezaliwa usiku Otieno au Atieno. Kwamboka alizaliwa mama yake alipokuwa anavuka mto. Nyanchera na Makori walizaliwa njiani. Nyang'au ni fisi, na jina hilo alipewa mtoto aliyetanguliwa na ndugu waliokufa, ili kifo kimdharau kimpite. Lakini tukio lilikuwa la mtu wa kwanza tu. Akishakufa, waliozaliwa baadaye walirithi jina lake hata kama hawakukaribia mto wala njia. Mimi ni Kwamboka. Nilizaliwa nyumbani, kitandani, mchana kweupe, na mto niliovuka ni ule wa shangazi wa baba yangu.

Nilipokuwa msichana nilishuhudia jina likitafutwa. Mama mdogo alikuwa amejifungua binti, na mtoto akawa analia usiku na mchana, ziwa halitaki. Nyanya akamchukua, akakaa naye kwenye kigoda karibu na meko, akaanza kuwataja marehemu wa kike wa nyumba hiyo mmoja mmoja, taratibu, kama anayewabishia hodi. Kerubo. Bosibori. Nyaboke. Baada ya kila jina alinyamaza, akamtazama mtoto usoni, akamrudisha kifuani kwa mama yake ajaribu kunyonya. Alipotajwa Kemunto, mtoto alishika ziwa. Hakuna aliyeshangilia. Nyanya alisema tu kwamba Kemunto amefika, akaomba maji ya kunawa. Najua watu wa kliniki wataniambia kichanga hunyamaza chenyewe kikichoka. Sibishani nao. Ninachojua ni kwamba katika muda huo mfupi niliyasikia majina ya wanawake wa nyumba yetu ambayo sijayaona yameandikwa popote, na kila mmoja wao alitajwa kwa heshima. Waliokufa na sifa ya wizi au uchawi nyanya hakuwagusa.

Tangu siku ile baba yake alimwita binti huyo "baba", neno ambalo kwa Ekegusii ni la kumwitia mama, kwa kuwa Kemunto alikuwa mama mzazi wa mwanamume huyo. Mwanamume mzima, ametoka shambani, jembe begani, anainama kumwamkia mtoto mchanga kama mwana anavyomwamkia mama. Sijaona heshima inayozidi hiyo kwa mwanamke aliyekwisha kuzikwa.

Kisha wakaja wageni. Mwaka 1907 Waingereza walijenga kituo chao Kisii, na Januari 1908 kijana Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao Northcote, ambaye watu wetu walikuwa wamekwisha kumbandika jina la Nyarigoti. Aliyewachochea vijana, kwa masimulizi tuliyolelewa nayo, ni Moraa, mtabiri wa Kitutu. Jina lake kamili linatajwa hivi: Moraa Moka Ngiti, yaani Moraa mke wa Ngiti. Msomaji, liangalie vizuri. Ndoa ilimwongezea jina la mume bila kumnyang'anya lake. Moraa anatangulia, Ngiti anafuata.

Wamisionari Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafungua Nyanchwa muda mfupi baadaye. Majina ya ubatizo yalienea baadaye, lakini yalipoenea yalienea kwelikweli, hata leo mzee wa kwetu akikutajia Hezron, Zablon au Yunuke utakisia anasali Jumamosi, na akikutajia Aloys au Pacifica utakisia Jumapili. Majina hayo hayakuua kitu. Yalikaa mbele, jina la marehemu likabaki nyuma yake.

Kilichobadilisha mambo ni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita vikuu vya kwanza, na kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 akatakiwa kutembea na karatasi ya jina lake na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Wanaume waliotoka Gusii kwenda kwenye majani chai ya Kericho walihesabiwa, walilipwa na walifukuzwa kwa jina lililoandikwa mle. Karani alitaka jina la mtu na jina la babake, na alitaka lisibadilike. Mtu aliyezoea kuwa na jina lake, na jina la utani la vijana wenzake, na la heshima nyumbani, sasa alikuwa na moja lililohesabika mbele ya serikali. Wanawe waliposajiliwa shuleni, likawa lao.

Wanawake hawakupewa kipande. Sheria ya 1947, iliyoleta usajili wa watu wa rangi zote, bado iliwahusu wanaume pekee. Ni mwaka 1978 tu ndipo wanawake wa Kenya walipoingizwa katika usajili wa vitambulisho. Hesabu mwenyewe: takriban miaka 60 ambayo jina la mwanamke wa Gusii lilikaa midomoni mwa watu, likigawiwa na nyanya kando ya meko, bila karani kuliuliza. Kule kuachwa nje ya daftari kulikuwa dharau, na mama zetu waliilipia kwa njia nyingi. Lakini ndio sababu, kwa maoni yangu, leo Mkenya yeyote akisikia Moraa, Kemunto, Kwamboka au Kerubo hujua mara moja mwenye jina ametoka wapi, ilhali majina mengi ya wanaume wa kale yamezimika kwa kukosa nafasi nyuma ya jina la ukoo lililoganda.

Sasa nina wasiwasi, na nausema wazi. Katika miaka yangu ya mwisho darasani nilianza kuona kwenye rejista wasichana wenye majina mawili ya Kiingereza na la tatu la baba. Blessing Precious, halafu jina la baba. Nyanya hayumo. Mama hujaza fomu wodini, mtoto akiwa na siku moja, simu mkononi, na hakuna mtu mzima karibu wa kumtajia waliotangulia. Na akiolewa, binti huyo huenda akabadilisha kitambulisho aandike la mume, likapotea hata lile la baba. Moraa Moka Ngiti hakuombwa afanye hivyo.

Sheria inakupa miezi sita kumsajili mtoto. Huo ni muda wa kutosha kupanda matatu hadi Keroka, Ogembo au Nyansiongo, au kupiga simu moja jioni. Mwulize mama yako aliitwa kwa ajili ya nani, na huyo naye aliitwa kwa ajili ya nani. Yaandike majina atakayokutajia, yote, hata yale usiyoyatumia. Kisha umpe binti yako moja, uliweke katikati ya cheti, mahali ambapo mwalimu ataliona na kulisoma kwa sauti.