Bima ya Afya: Haki ya Raia au Fadhila kwa Mwenye Mshahara?

Historia ya matibabu nchini Tanzania inazunguka swali moja: nani abebe gharama za mgonjwa? Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jibu lilikuwa Taifa zima; na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 ulilidhoofisha jibu hilo, na mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kuwatoza wagonjwa.

Linalonishughulisha zaidi ni kilichofuata. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, uliwaanza watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Mkulima aliachiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, ajiunge kwa hiari yake na kwa fedha yake. Mwenye uhakika wa kipato akapewa na uhakika wa tiba. Fukara alikuwa na msamaha, ila sharti kwanza athibitishe ufukara wake mbele ya viongozi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelifufua swali lile. Mimi nitaipima kwa kigezo kimoja: je, asiye na uwezo atahesabiwa mwanachama sawa na wengine, au atabaki mwombaji mlangoni? Bima isiyomfikia asiyeweza kuchangia ni ushirika wa wenye nacho tu.