Penseli Juu ya Mwamba

Kwetu Gulwe, ukitaja historia watu wanakuonyesha reli ya Mjerumani iliyofika Dodoma 1910. Sawa. Lakini historia kongwe zaidi ya mkoa huu iko kaskazini, Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, Pahi na Kisese: watu wembamba, twiga, tembo, wamechorwa kwa rangi nyekundu maelfu ya miaka iliyopita.

Mwaka 1951 Mary Leakey, binti wa mchoraji Erskine Nicol, alikuja kuinakili pamoja na mumewe Louis. Alitandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari, kisha akaipaka rangi upya kwa kipimo kidogo. Hebu jaribu, ndugu msomaji, mkono juu siku nzima! Na kila mara lazima uamue: hili ni doa tu, au ni mguu wa mnyama? Ukikosea, anayekuja baada yako anarithi kosa lako.

Huko Ulaya kazi ya namna hii ilikuwa shule. Jacques-Louis David alikaa Roma 1775 hadi 1780 akichora sanamu za kale, kwa chaki nyeusi na wino, na michoro hiyo akaendelea kuichota maisha yake yote. Lakini David alikuwa na bahati: karatasi yake ikipotea, marumaru bado ipo. Kondoa si hivyo. Maji yanatiririka juu ya mwamba, jua linachoma, na wageni nao walikuwa wakimwagia michoro maji ili ing'are kwenye picha. Sisi wa Gulwe maji tunayajua. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yaliibeba reli yetu.

Kitabu chake kilitoka 1983, na UNESCO ikaiorodhesha miamba hiyo 2006. Bila mkono wake tungekuwa na kidogo sana, sibishi. Ugomvi wangu uko kwingine. Kitabu kimejaa nyekundu. Ile michoro myeupe ya baadaye, inayodhaniwa kuwa ya wakulima wa Kibantu, yaani jamaa zetu kabisa, imepewa kipembe tu, eti haina ustadi. Kwani nani kasema historia lazima ipendeze? Na pale Mungomi wa Kolo watu bado wanakwenda kutambika na kuomba mvua.

Siku hizi lami inapita Kolo. Penseli na daftari havina uzito.