ASV Mark II: Rada ya ndege iliyosaka nyambizi gizani

KATIKA michezo mingi ya kompyuta inayoiga vita vya angani, rada ni jambo jepesi. Mchezaji hubonyeza kitufe, nukta ikatokea kwenye skrini, naye akaifuata hadi akamfikia adui.

Wanahewa waliotumia rada za kwanza za ndege wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia hawakuwa na wepesi huo. Chombo chao kiliwaambia kwamba kulikuwa na kitu mbele yao, lakini hakikuwaambia ni kitu gani, wala kilikuwa cha nani. Yaliyosalia yalitegemea macho, subira na uamuzi wa binadamu.

Miongoni mwa rada hizo, iliyotumika sana baharini ni ASV Mark II ya Uingereza. Herufi ASV zinatokana na maneno ya Kiingereza yanayomaanisha 'kutoka angani hadi chombo cha majini'. Kazi yake ilikuwa kutafuta meli, pamoja na nyambizi zilizoibuka juu ya maji.

Asili yake

Chimbuko la rada hiyo ni utafiti ulioanzishwa na Robert Watson-Watt na mwenzake Arnold Wilkins. Mnamo Februari 26, 1935, karibu na mji wa Daventry, walithibitisha kwamba ndege iliyo angani hurudisha mawimbi ya redio yanayoigonga.

Rada zilizofuata zilikuwa mitambo mikubwa yenye milingoti mirefu iliyosimikwa nchi kavu. Mtaalamu kutoka Wales, Edward Bowen, ndiye aliyepewa jukumu la kutengeneza rada ndogo ya kutosha kubebwa na ndege.

Mapema mwezi wa Septemba 1937, Bowen na wenzake waliruka kwa ndege aina ya Anson juu ya Bahari ya Kaskazini. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, lakini mtambo wao uliweza kugundua manowari za Uingereza zilizokuwa mazoezini, ikiwemo Courageous iliyobeba ndege. Hapo ikabainika kwamba meli, kwa kuwa ni kubwa na ni ya chuma, ilikuwa rahisi kuonekana kwa rada kuliko ndege.

Toleo la kwanza, ASV Mark I, lilianza kutumika mapema mwaka wa 1940. Mark II ililifuata, nayo ikatengenezwa kwa wingi na kufungwa katika ndege za aina nyingi, zikiwemo Whitley, Wellington, Swordfish na Catalina.

Jinsi ilivyofanya kazi

Rada hutuma mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha husubiri mwangwi. Mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Iwapo meli iko umbali wa kilomita 15, mwangwi hurejea baada ya sehemu moja tu kati ya sehemu elfu kumi za sekunde. Kwa kupima muda huo, mtambo hukadiria umbali.

Urefu wa wimbi la Mark II ulikuwa kama mita 1.7. Kwa sababu hiyo, antena zake zilikuwa kubwa. Ndege kama Whitley na Wellington zilisimikwa milingoti minne mgongoni, zikafanana na samaki mwenye miiba.

Mhudumu wa rada hakuona ramani wala umbo la meli. Aliona mstari mmoja wa mwanga uliosimama wima kwenye kioo kidogo. Mwangwi ulipopatikana, vijino vya mwanga vilichomoza upande wa kushoto na wa kulia wa mstari huo. Kijino cha kushoto kikiwa kirefu zaidi, shabaha ilikuwa kushoto. Mhudumu alimwelekeza rubani ageuze ndege taratibu mpaka vijino vya pande zote mbili vilingane.

Tatizo ni kwamba mawimbi ya bahari nayo hurudisha mwangwi. Kioo kilijaa mwanga uliotikisika, na kijino cha nyambizi kingeweza kumezwa humo. Katika maili ya mwisho kabla ya kuifikia shabaha, alama yake hupotea kabisa. Hivyo basi, usiku ndege ilibaki kipofu katika dakika ile ile iliyohitaji kuona.

Kosa la Mei 26, 1941

Upungufu wa rada hiyo ulidhihirika wakati Waingereza walipokuwa wakiifuata manowari ya Ujerumani, Bismarck. Ndege za Swordfish ziliondoka juu ya Ark Royal katika hali mbaya ya hewa, baadhi zikiwa na ASV Mark II. Wanahewa walikuwa wameambiwa kwamba hapakuwa na meli nyingine karibu na Bismarck.

Rada iligundua meli. Ndege zikashuka kutoka mawinguni na kuirushia topido. Kumbe meli hiyo ilikuwa Sheffield, manowari ya Uingereza yenyewe, iliyokuwa imetumwa mbele kuifuatilia Bismarck bila wanahewa kujulishwa.

Mabaharia wa Sheffield walinusurika kwa sababu baadhi ya topido zililipuka mara tu zilipogusa maji, na meli ikazikwepa nyingine. Hitilafu hiyo iliwafunza Waingereza kubadilisha vilipuzi vya topido kabla ya shambulio la pili jioni hiyo. Safari hii topido moja iliharibu usukani wa Bismarck, nayo ikazama asubuhi iliyofuata.

Rada haikuwa imekosea. Ilisema kuna meli, na meli ilikuwepo. Waliokosea ni wanadamu, ambao hawakupashana habari.

Taa na kiwambo cha kusikiliza

Ili kuziba pengo la maili ya mwisho, afisa wa jeshi la wanahewa, Humphrey de Verd Leigh, alibuni taa yenye nguvu kubwa iliyofungwa kwenye ndege. Rada iliifikisha ndege karibu na nyambizi, kisha taa ikawashwa ghafla.

Usiku wa Juni 4, 1942, katika Ghuba ya Biscay, ndege ya Wellington ilitumia taa hiyo vitani kwa mara ya kwanza, ikaishambulia na kuiharibu nyambizi ya Italia, Luigi Torelli. Mwezi uliofuata, nyambizi ya Ujerumani U-502 ilizamishwa kwa mbinu hiyo hiyo.

Hadi wakati huo, giza lilikuwa kinga ya nyambizi. Nyambizi za enzi hizo zilitumia betri zinapokuwa chini ya maji, na zililazimika kuibuka ili kuwasha injini na kuzijaza betri hizo nguvu. Zilifanya hivyo usiku. Mark II na taa ya Leigh ziliziondolea kinga hiyo.

Wajerumani hawakukaa kitako. Kuanzia Agosti 1942 walianza kufunga kwenye nyambizi zao kiwambo cha kunasa mawimbi ya Mark II, kilichojulikana kama Metox. Mawimbi ya rada hulazimika kwenda na kurudi, ilhali anayeyasikiliza huyapata yakiwa bado katika safari ya kwenda. Nyambizi iliweza hivyo kuitambua ndege ikiwa mbali, ikazama kabla ya kuonekana. Msakaji akawa anajitangaza mwenyewe.

Jibu la Waingereza lilikuwa Mark III, iliyotumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 10 hivi, na ambayo ilianza kazi mapema mwaka wa 1943. Metox haikuweza kuyasikia. Mwezi wa Mei mwaka huo, kutokana na rada, ndege za masafa marefu, meli za ulinzi na udukuzi wa mawasiliano, Ujerumani ilipoteza nyambizi 41. Mnamo Mei 24, kamanda wake Karl Dönitz aliziondoa katika Atlantiki ya Kaskazini.

Pwani ya Kenya

Vita hivyo havikuishia Atlantiki. Mnamo 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, manowari za Uingereza za Bahari Hindi zilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Kando yake, Kipevu ilikuwa kituo cha ndege za Catalina, ambazo hutua majini. Kikosi nambari 259 kiliundwa huko Februari 1943.

Mnamo Agosti 20, 1943, kusini mwa Madagascar, Catalina mbili, moja ya kikosi hicho na nyingine ya kikosi nambari 265, ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani U-197. Mabaharia wote 67 walikufa.

Hata hivyo, bahari ni pana na ndege zilikuwa chache. Mnamo Februari 12, 1944, nyambizi ya Japani I-27 iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives. Meli hiyo ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, na miongoni mwa abiria wake walikuwemo mamia ya wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Watu 1,297 waliangamia. Huo ndio uzito wa kazi ya kuitafuta nyambizi kabla haijaifikia meli.

Kisichoonekana mchezoni

Michezo kama Combat Flight Simulator ya mwaka wa 1998 na IL-2 Sturmovik ya 2001 iliwapa vijana wengi picha yao ya kwanza ya vita hivyo vya angani. Silent Hunter III ya 2005 ilimweka mchezaji upande wa pili, ndani ya nyambizi ya Ujerumani, ambako anaweza kufunga Metox na kusubiri onyo lake.

Michezo ya aina hii humwezesha mchezaji kuharakisha muda. Safari ya saa nyingi juu ya maji matupu humalizika kwa dakika chache, kisha mapambano yakaanza.

Catalina iliweza kukaa angani zaidi ya saa 15, na muda wote huo mtu fulani alipaswa kukodolea macho mstari ule wa mwanga. Jeshi la wanahewa la Uingereza liligundua kwamba wahudumu walikuwa wakipitwa na alama za nyambizi zilizokuwa wazi kwenye kioo, likamwomba mwanasaikolojia Norman Mackworth wa Cambridge achunguze sababu.

Mackworth aliwaketisha watu mbele ya mshale uliozunguka kama wa saa, ambao mara chache uliruka hatua mbili badala ya moja. Walitakiwa kutaja kila ulipofanya hivyo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1948, yalionyesha kwamba baada ya nusu saa tu umakini wao ulikuwa umeshuka.

Uchunguzi huo ungali msingi wa elimu kuhusu watu wanaokesha mbele ya mitambo, kuanzia waongozaji wa ndege hadi walinzi wa kamera za usalama. Kwa wahudumu wa ASV Mark II, jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza: mtambo uliweza kuiona nyambizi, na bado nyambizi ikapita, kwa sababu aliyekuwa akitazama alikuwa amechoka.